Nimwachie daktari wa mafunzo aamue mwenyewe hadi wapi?

Swali: Mimi ni daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, na mwaka huu nimekabidhiwa kusimamia madaktari wa mafunzo kwa vitendo pamoja na wenzao wanaosomea ubingwa. Nikiwa karibu nao, wananyamaza na kunisubiri niamue kila kitu. Nikijitenga kidogo ili wajifunze, sipati usingizi. Hivi majuzi daktari mmoja wa mafunzo alipokea usiku mgonjwa wa figo ambaye potasiamu yake ilikuwa 6.9. Alimpa insulini na glukosi, akaandika kwenye faili, akaenda kuhudumia wengine, wala hakunipigia simu. Alfajiri muuguzi alimkuta mgonjwa ametota jasho na hasemi vizuri. Sukari ilikuwa imeshuka mno. Mgonjwa alipata nafuu. Kijana alipoulizwa alisema hakutaka kunisumbua usiku. Nitajuaje kiasi cha uhuru wa kumpa mtu kama huyu bila kumponza mgonjwa? Na je, nimwandikie taarifa mbaya?

Jibu: Daktari mwenzangu, nianze na kisa cha potasiamu chenyewe, kwa kuwa sehemu kubwa ya jibu imo ndani yake. Kwa maelezo yako, kijana huyo alifanya mengi kwa usahihi. Aliitambua hatari, alijua kwamba insulini huiingiza potasiamu ndani ya seli, na alikumbuka kuiambatanisha na glukosi. Kilichomponyoka ni kile kinachofuata baada ya dawa kuingia mwilini. Figo zilizochoka hukawia kuiondoa insulini, kwa hiyo nguvu yake hubaki wakati glukosi iliyotolewa mara moja imekwisha kutumika, na sukari inaweza kushuka saa kadhaa baadaye, wakati kila mtu ameshaamini kwamba kazi imekamilika. Potasiamu nayo, ambayo imehamishwa tu wala haijatoka mwilini, huanza kurudi kwenye damu katika muda huohuo. Mambo haya mawili mtu huyajua vizuri baada ya kuyaona, au baada ya kuulizwa na mtu aliyekwisha kuyaona.

Sasa, je, daktari huyu anastahili kuachiwa au hastahili? Likiulizwa namna hiyo swali halijibiki, na hapo ndipo wasimamizi wengi hukwama, kwa sababu wamezoea kumpima mtu kwa jumla: huyu hodari, mwachie; yule mzito, mbane. Ukikichambua kisa chako utaona kilikuwa na kazi tano zinazotofautiana kabisa. Ilikuwapo kazi ya kutambua kwamba 6.9 ni hali ya hatari wala si matokeo ya chembe za damu kupasuka ndani ya kichupa kabla ya kupimwa. Ilikuwapo ya kusoma kipimo cha umeme wa moyo na kuamua kama kalsiamu itangulie ili kuulinda moyo. Ya tatu ni kutoa insulini na glukosi, ya nne ni kupanga sukari ipimwe kila saa na potasiamu irudiwe baada ya saa chache, na ya tano ni kuamua kama mgonjwa asafishwe damu usiku uleule. Daktari aliyekaa wodini miezi kadhaa anaweza kuwa ameiva katika ya kwanza na ya tatu, akahitaji mtu wa kumwuliza katika ya pili na ya nne, na asipaswe kabisa kuiamua ya tano peke yake. Uhuru, kwa hiyo, ungeutoa kwa kazi fulani, kwa mgonjwa wa aina fulani, katika mazingira fulani, na mtu huyohuyo angekuwa na uhuru mkubwa huku na mdogo kule bila yeyote kuona ajabu.

Fikra hii ilipata umbo la kitaalamu mwaka 2005, pale Olle ten Cate wa Utrecht, Uholanzi, alipopendekeza kwamba mafunzo ya udaktari yapangwe kwa kufuata kazi ambazo mwanafunzi anaweza kukabidhiwa, badala ya kutegemea orodha ndefu za sifa ambazo ni vigumu kuzipima kando ya kitanda cha mgonjwa. Kwa kila kazi kuna ngazi tano za usimamizi. Katika ngazi ya kwanza mwanafunzi hutazama tu. Katika ya pili hufanya huku msimamizi yupo chumbani. Katika ya tatu hufanya msimamizi akiwa nje ya chumba lakini anaweza kufika upesi. Katika ya nne hufanya bila kusimamiwa kwa karibu, na katika ya tano huwasimamia walio chini yake. Mwaka 2014 shirikisho la vyuo vya tiba vya Marekani lilitoa orodha ya kazi 13 ambazo kila mhitimu anapaswa kuwa tayari kuzifanya kwa usimamizi usio wa moja kwa moja tangu siku ya kwanza ya mafunzo ya hospitalini, na miongoni mwake ni kumtambua mgonjwa anayehitaji huduma ya haraka na kukabidhi wagonjwa kwa anayeingia zamu. Huhitaji kuuingiza mfumo mzima katika wodi yako. Chukua kazi kumi au kumi na mbili zinazojirudia hapo kila wiki, uandike jina la kila daktari na ngazi aliyofikia katika kila kazi, na karatasi hiyo iwe mahali ambapo wauguzi pia wanaiona. Muuguzi anayejua kwamba daktari fulani bado yuko ngazi ya pili katika kutoa maji kifuani hatamkabidhi vifaa usiku wa manane bila kuuliza bingwa yuko wapi.

Ngazi hizo hazifai kutolewa kwa kukisia, wala kwa kumwuliza mhusika anajionaje. Mwaka 2006 ulichapishwa uchambuzi wa tafiti zilizolinganisha jinsi madaktari walivyojipima wenyewe na jinsi walivyopimwa na wengine. Kati ya milinganisho 20, 13 ilionyesha uhusiano mdogo, au kutokuwepo uhusiano, au uhusiano wa kinyume, na waliokosea zaidi katika kujipima walikuwa wale wenye ujuzi mdogo na wale wenye kujiamini sana. Kwa hiyo ukimwuliza daktari wa mafunzo, «Unaweza kutoa maji ya uti wa mgongo?» atakujibu ndiyo, na jibu hilo halina thamani yoyote. Mwulize mara ya mwisho alifanya lini, nani alikuwepo, na ilikwendaje. Kisha kamwone mwenyewe akifanya. Nasisitiza kuona, kwa sababu ni jambo la kawaida sana daktari kumaliza mafunzo yake akiwa ametathminiwa na watu waliosikiliza masimulizi yake kwenye raundi lakini hawakuwahi kumwona akichukua historia ya mgonjwa kuanzia salamu hadi mwisho.

Kuona nako kuna namna yake. Tuchukue kazi hiyohiyo ya maji ya uti wa mgongo. Mgonjwa amelala ubavu, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, ngozi ya mgongo imekwisha kusafishwa na ganzi imeingia. Msimamizi amevaa glavu tasa ingawa hagusi kitu, naye amesimama mahali ambapo anaiona sindano na anauona pia uso wa mgonjwa, au yupo muuguzi upande wa pili anayeuona kwa niaba yake. Kabla ya kuingia chumbani wamekwisha kukubaliana: ukigonga mfupa mara mbili unatulia, unapapasa upya na kuniambia unadhani uko wapi, ukikosa mara ya tatu, nachukua mimi. Mpaka huo ukiwekwa mapema, msimamizi hapokonyi sindano kwa kushtuka, mwanafunzi haoni aibu mbele ya mgonjwa, na mgonjwa hachomwi mara saba kwa sababu ya ubishi wa mtu anayetaka kuthibitisha kwamba anaweza. Nimeona wasimamizi wenye mikono myepesi ambao hawawezi kuvumilia sekunde thelathini za mwanafunzi anayepapasa uti wa mgongo. Hao wana kazi ya kujifunza wao wenyewe, tena huenda ni ngumu kuliko ya mwanafunzi.

Pale ambapo kazi inaweza kufanyiwa mazoezi nje ya mwili wa mgonjwa, ifanyiwe huko kwanza. Katika hospitali moja ya kufundishia huko Chicago, madaktari walifunzwa kuweka mipira (mirija laini) ya mishipa mikubwa ya damu kwa kutumia sanamu za mazoezi hadi kila mmoja afikie kiwango kilichowekwa, bila kujali alihitaji mazoezi mengi au machache. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba maambukizi ya damu yatokanayo na mipira hiyo katika chumba cha wagonjwa mahututi yalishuka kutoka 3.20 hadi 0.50 kwa kila siku 1,000 za matumizi ya mpira. Jambo la kuzingatia hapo ni sharti la kufikia kiwango. Semina ya nusu siku ambayo kila aliyehudhuria hupewa cheti haina uzito huo.

Nije sasa kwenye usiku ule, na kauli kwamba hakutaka kukusumbua. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye kiini cha swali lako, kuliko hata penye insulini. Daktari wa mafunzo akiamua jambo na wewe ukajua ameamua nini, hatari yake inaweza kudhibitiwa. Hatari kubwa huja anapoamua bila mtu yeyote kujua kwamba kuna uamuzi uliofanywa. Tara Kennedy na wenzake huko Toronto, Kanada, walichunguza namna madaktari wa mafunzo wanavyoamua kuomba msaada, na matokeo yao ya mwaka 2009 yalionyesha kwamba pamoja na uzito wa hali ya mgonjwa, walipima pia kama msimamizi anapatikana na anafikika, na walihofia kwamba kuuliza kungewashushia heshima ya kitaaluma. Daktari wa mafunzo anajua kwamba unayempigia ndiye utakayeandika tathmini yake. Kila simu anayopiga, kwake yeye, ni mtihani mdogo. Asiyelielewa hilo atashangaa kila mara kwa nini vijana wenye akili nzuri wanakaa na tatizo hadi asubuhi.

Dawa ya kwanza ni kuiondoa simu katika hiari yake. Weka orodha fupi ya mambo ambayo yakitokea ni lazima apige, hata kama anajua la kufanya: mgonjwa amepelekwa au anafikiriwa kupelekwa chumba cha wagonjwa mahututi, alama za hatari kwenye chati zimepanda na hazijashuka baada ya hatua ya kwanza, dawa ya dharura imetolewa kwa tatizo la moyo, potasiamu au fahamu, mgonjwa anataka kuondoka kinyume cha ushauri, muuguzi hakubaliani na mpango, kitu chochote anachokifanya kwa mara ya kwanza. Orodha kama hiyo humwondolea aibu, kwa kuwa hapigi simu kwa sababu hajui, anapiga kwa sababu utaratibu unamtaka apige. Wauguzi nao wawe na ruhusa ya kukupigia moja kwa moja, na daktari wa zamu aambiwe mapema kwamba ruhusa hiyo ipo, ili isije ikaonekana kama kumsemea.

Dawa ya pili ni namna unavyopokea. Anapopiga saa nane usiku, maneno yako ya kwanza ndiyo yatakayoamua kama atapiga tena wiki ijayo. Mshukuru kwa kupiga, kisha mwulize mambo manne: umeona nini, unafikiri ni nini, unataka kufanya nini, na kitu gani kitakufanya unipigie tena. Swali la tatu linamwachia uhuru wake wa kuamua, kwa kuwa anatoa mpango wake kabla hajausikia wako. Swali la nne ndilo lingemwokoa mgonjwa wako. Kijana angejibu, pengine, kwamba angepiga tena potasiamu isiposhuka, nawe ungemwuliza, «Na sukari je? Utaipima saa ngapi, na nani ataipima ukiwa kwenye wodi nyingine?» Dakika tatu zingetosha, na uamuzi ungebaki kuwa wake.

Tena usisubiri kupigiwa tu. Piga wewe saa nne usiku, umwulize ni mgonjwa gani anayemtia wasiwasi zaidi. Uliza hivyo hasa, kwa maana ukiuliza kama kila kitu kiko sawa utajibiwa kwamba kiko sawa. Kuna pia usimamizi wa nyuma ya pazia, ambao Kennedy na wenzake waliueleza mwaka 2007 pamoja na aina nyingine: msimamizi anasoma mafaili, anapitia majibu ya maabara, anamsikiliza muuguzi, bila mwanafunzi kuhisi kwamba kuna mtu begani pake. Ni usimamizi wenye nguvu sana, ingawa una gharama moja, kwamba mwanafunzi asiyeuona anaweza kuamini yuko huru kuliko alivyo, na kosa lililosahihishwa kimyakimya halimfundishi kitu. Ukisahihisha dozi usiku, mwambie asubuhi.

Umesema kwamba ukiwa karibu wananyamaza. Hilo halitokei kwako peke yako. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika katika hospitali ya Massachusetts General huko Boston, ambapo madaktari bingwa 22 walipangiwa kwa nasibu vipindi viwili: katika kimoja walihudhuria raundi ya kazi hata kwa wagonjwa waliokwisha kulazwa na kufahamika, na katika kingine waliwaona wagonjwa wapya pamoja na timu, kisha wakaiacha timu iendelee na waliobaki huku wao wakipatikana wanapohitajika. Kiwango cha makosa ya kitabibu hakikuonyesha tofauti ya maana kitakwimu kati ya vipindi hivyo. Kilichobadilika ni kwamba bingwa alipokuwepo, madaktari wa mafunzo walipunguza kuzungumza, na wale waliowatangulia, wanaosomea ubingwa, walijiona wamepungukiwa na uhuru wa kuamua. Naomba usiyasome matokeo hayo kama ruhusa ya kutoonekana wodini. Wagonjwa wapya walionekana na bingwa katika vipindi vyote viwili, na bingwa alipatikana kila alipohitajika. Ninachokiona mimi ni kwamba usimamizi wa ziada usiolenga kitu mahususi hauongezi usalama kwa uwiano wa saa zinazotumika, na saa hizo zingefaa zaidi zikielekezwa kwa mgonjwa mpya, mgonjwa anayezidiwa, na kazi ambayo mwanafunzi hajaifikia.

Pale unapokuwepo kwenye raundi, mpangilio mdogo tu hubadilisha mengi. Simama miguuni mwa kitanda, umwachie daktari wa mafunzo nafasi ya kichwani, karibu na mgonjwa. Mgonjwa akikuuliza wewe, mgeukie daktari wake. Mpango utajwe na mdogo kuliko wote kwanza, kwa sababu ukishasema wewe hakuna atakayekupinga. Halafu, unaposikia mpango ambao si wako, jiulize mpango huo umeangukia fungu gani kati ya matatu. Ikiwa utamdhuru mgonjwa, uzuie papo hapo na ueleze sababu, bila maswali ya kuzungukazunguka. Hakuna somo linalostahili kusubiriwa mgonjwa akiumia. Ikiwa unakubalika na mwongozo wa tiba ila wewe umezoea njia nyingine, nyamaza. Ikiwa ni dhaifu kidogo lakini hauna madhara, na unaweza kurekebishwa kesho, uache uendelee na mrudi kuuzungumzia baada ya matokeo kuonekana. Sehemu kubwa ya kunyimwa uhuru hutokea katika fungu hilo la kati: bingwa anabadilisha antibayotiki moja kwa nyingine inayolingana nayo, au kiwango cha dripu kwa tofauti isiyo na maana, na mwanafunzi anajifunza kwamba kufikiri hakuna faida maana mwishowe kitaandikwa anachopenda mkubwa. Hapo naomba tuwe wakali na nafsi zetu. Tunayoyaita usalama wa mgonjwa, mara nyingine ni mazoea yetu tu.

Ukilazimika kuchukua hatamu, sema wazi kwamba umezichukua, na ukimaliza sema wazi kwamba umezirudisha. Katika kumhuisha mgonjwa ambaye moyo umesimama, hakuna kinachovuruga timu kama watu wawili kudhani kila mmoja ndiye kiongozi.

Uchovu na makabidhiano ya zamu nayagusia kwa ufupi, kwa kuwa hayakutajwa katika kisa chako ingawa huenda yalikuwemo. Kifo cha Libby Zion, msichana wa miaka 18 aliyefia katika hospitali moja ya New York mwaka 1984 akihudumiwa na madaktari wa mafunzo huku daktari wake mkuu akishauriwa kwa simu, ndicho kilichozaa kanuni za jimbo hilo za mwaka 1989 zilizoweka kikomo cha saa 80 za kazi kwa wiki na saa 24 mfululizo. Watu wengi wanakumbuka saa. Bertrand Bell, aliyeongoza tume iliyopendekeza kanuni hizo, alisisitiza baadaye kwamba usimamizi ndio uliokuwa ufunguo kuliko saa. Kuhusu makabidhiano, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 katika hospitali tisa za watoto ulionyesha kwamba baada ya kuanzishwa mpangilio maalumu wa kukabidhi wagonjwa uitwao I-PASS, makosa ya kitabibu yalipungua kwa asilimia 23 na madhara yanayozuilika kwa asilimia 30. Sehemu mojawapo ya mpangilio huo humtaka anayekabidhi aseme ni nini kinaweza kutokea usiku na kifanyike nini kikitokea, jambo ambalo kwa mgonjwa wa figo lina uzito wake.

Wasimamizi wengine hubana kwa kuogopa mahakama, kwa hiyo inafaa kuitaja kesi ya Wilsher ya Uingereza, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1986 kabla ya kuamuliwa na bunge la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, mwaka 1988 kwa hoja nyingine. Daktari mdogo aliingiza mpira kwenye mshipa wa vena badala ya ateri ya mtoto njiti, akamwomba mkubwa wake akague, na mkubwa huyo hakuligundua kosa. Mahakama ilikataa hoja kwamba mwanagenzi apimwe kwa kiwango cha chini kwa sababu tu ni mwanagenzi. Kiwango hufuata nafasi anayoishika. Lakini kuuliza kwake kulimwokoa, kwa kuwa asiye na uzoefu akitafuta ushauri wa aliyemzidi mara nyingi huwa ametimiza wajibu wake, na lawama ilimwangukia mkubwa. Sheria hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, ila mwelekeo wa hukumu hiyo unaafiki mafunzo mema: kuuliza humlinda anayeuliza, na anayeulizwa ana wajibu wa kutazama kwa kweli.

Mgonjwa naye ana haki ya kujua anayemhudumia ni nani na yuko hatua gani. Sentensi moja inatosha: mimi ni daktari wa mafunzo, ninasimamiwa na daktari fulani, naye atakuwepo nitakapofanya hivi. Wagonjwa wengi hukubali wakiambiwa ukweli, na anayekataa aheshimiwe bila kununiwa.

Kuhusu taarifa, ningeandika kilichotokea kama kilivyo, katika mfumo wa kuripoti matukio wa hospitali, nikitaja kwamba mgonjwa hakuwa na mpango wa kufuatilia sukari na kwamba bingwa hakuarifiwa. Katika tathmini ya kijana mwenyewe ningetenganisha mambo mawili. Pengo la ujuzi ni la kawaida kwa hatua yake na linazibika kwa mazungumzo ya nusu saa. Kutopiga simu ni kuzito zaidi, lakini kabla ya kumwandikia ningetaka kujua kama aliwahi kuambiwa kwamba hali ile ni ya lazima kupiga, na kama simu yake iliyotangulia ilipokewaje. Alipoulizwa alisema ukweli, wala husemi kwamba alibadilisha maandishi ya faili au kumsingizia muuguzi. Hilo liingie katika tathmini kwa maneno yaleyale, maana wanapoamua kumkabidhi mtu kazi, wasimamizi hupima uadilifu na kutegemeka kwake sambamba na ujuzi wake. Angekuwa ameficha, jibu langu lingekuwa jingine kabisa, na uhuru wake ungerudi ngazi ya pili katika kila kitu.

Kwa sasa mweke ngazi ya tatu katika kutibu potasiamu ya juu, kwa sharti la kupiga simu kabla ya dozi ya insulini. Mgonjwa wa aina hiyo akija tena, apewe yeye, nawe uwe karibu. Pamoja naye na muuguzi kiongozi, tayarisheni karatasi ya maagizo ambayo insulini ikiandikwa kwa sababu ya potasiamu, vipimo vya sukari vya kila saa kwa angalau saa sita vinaandikwa papo hapo na muuguzi anavianza bila kumsubiri daktari. Na kama bado haijafanyika, mgonjwa aelezwe kilichotokea alfajiri ile na kwa nini, nyote wawili mkiwepo, wewe ukitangulia kuzungumza na yeye akieleza sehemu yake.